Mpelelezi Wangu Ameitwa Mpiga Ramli: Nifanyeje?

SWALI

Ndugu wahariri,

Habari za kazi. Naandika riwaya ya upelelezi, na nimefika sura ya 19 kati ya 24. Mambo yanatokea Hong Kong, Machi 2026. Mpelelezi wangu si askari. Ni mama wa miaka 64, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye majirani humwita awapangie nyumba kwa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga makazi. Nimempa jina la Mama Lau.

Mzee tajiri wa miaka 82 amekutwa amekufa kitandani katika jumba lake kubwa la ghorofa tatu. Alikuwa akiishi peke yake. Kila mtu anasema ni uzee. Mpwa wake ndiye mrithi, ana hati ya nyumba iliyotiwa saini Februari, na anataka kuuza haraka. Mnunuzi anakataa kulipa mpaka nyumba ikaguliwe, ndipo Mama Lau anapoitwa.

Nimempa vidokezo vinne. Kitanda cha marehemu kimeelekezwa upande mbaya. Kioo cha pembe nane kimetundikwa ndani ya chumba cha kulala. Juu ya kabati la ukumbini, upande wa kaskazini-mashariki, kuna bilauri ya maji ya chumvi yenye sarafu. Na uani, upande wa kusini, kuna shimo lililofukiwa majuzi. Mpwa anasema lilichimbwa Machi kwa agizo la mtaalamu wa feng shui. Katika sura ya 17 Mama Lau anazungusha dira yake, sindano inatetemeka, anamtazama mpwa usoni, na anajua.

Watu watatu wamesoma muswada. Wote wameupenda mji, wote wameikataa sura ya 17. Mmoja ameandika pembeni: "Huyu hapelelezi, anapiga ramli." Mwingine ananishauri niitoe feng shui kabisa, nibaki na mama mdadisi. Mimi sitaki kuitoa.

Naomba kujua: mtaalamu wa feng shui akiingia kwenye nyumba anafanya nini hasa? Vidokezo vyangu vinasimama? Na sura ya 17 niifanye nini?

Mwandishi wa Tanga

JIBU

Ndugu yetu wa Tanga,

Feng shui ibaki. Kinachotakiwa kuondoka ni ule mtazamo wa Mama Lau unaojua bila kueleza umejuaje. Aliyeandika neno ramli pembeni amekusaidia sana, kwa sababu amegusa penyewe. Mpiga ramli huulizwa swali, huchora alama zake, hutoa jibu, na anayesikiliza hana njia ya kulipima. Msomaji wa upelelezi anataka ashike mkononi vile vile anavyoshika mpelelezi, ili akifika mwisho arudi nyuma na kukuta kwamba yote alikuwa ameyaona.

Feng shui inakupa hivyo kwa wingi, maana ni kazi ya kanuni: digrii, tarehe, pande, mwaka wa kuzaliwa. Msomaji wako halazimiki kuamini kwamba qi, ile nguvu ya uhai, hupita mlangoni. Inatosha ajue kuwa marehemu aliamini, alizifuata kanuni hizo miaka mingi, na kanuni zenyewe zinajulikana. Basi Mama Lau asiiulize dira nani ameua. Ajiulize: mtu anayeijua kazi hii angefanya nini hapa, na mbona kumefanywa kingine? Penye kosa pana mkono wa mtu asiyejua, na mkono huo ndio anaoutafuta.

Tuanze na dira yenyewe, kwani ndiyo iliyokuangusha. Inaitwa luopan. Chini ni ubao wa mraba. Juu yake kuna sahani ya duara inayozunguka, yenye duru nyingi za maandishi. Katikati kuna kisima kidogo chenye sindano. Nyuzi mbili nyekundu zimekatiza juu ya sahani kwa msalaba. Duru unayoihitaji zaidi ni ya "milima" 24, kila mmoja digrii 15. Upande wa kusini una mitatu: Bing kuanzia 157.5 hadi 172.5, Wu hadi 187.5, na Ding hadi 202.5. Inakutosha hiyo mitatu, kwa kuwa nyumba yako tutaigeuza itazame kusini.

Mama Lau akifika asiingie ndani. Kwanza atembee nje aangalie umbo la mahali: mlima uko nyuma au mbele, barabara inaujia mlango moja kwa moja au inapita, kuna kona kali ya jengo inayoelekea nyumba, maji yanakimbilia wapi. Ndipo asimame mlangoni. Simu, saa, mkanda wenye bizimu ya chuma na funguo anavikabidhi kwa mtu. Anaushika ubao usawa wa kiuno, ukingo wake ukiwa sambamba na uso wa nyumba, kisha anazungusha sahani polepole mpaka sindano ilale juu ya mstari mwekundu uliochorwa chini ya kisima, ncha ya kaskazini ikiwa kati ya nukta mbili. Anasoma mahali uzi mwekundu unapokata duru. Hapo ana kipimo kimoja. Anarudi nyuma hatua mbili, anapima tena. Anasogea mita nne au tano, anapima mara ya tatu. Vikilingana, au vikitofautiana kwa digrii moja au mbili, anaandika. Vikipishana kwa digrii tano na zaidi, kuna chuma karibu: nondo ndani ya zege, geti, bomba, gari lililoegeshwa. Wanaotafuta kibla kwa dira karibu na dirisha la nondo wanaufahamu usumbufu huo.

Kwa hiyo sindano inayotetemeka sebuleni haimwambii Mama Lau habari za muuaji. Inamwambia habari za chuma. Na chuma, ndugu yetu, ni ushahidi mzuri kuliko mtetemo wowote.

Fanya hivi. Nyumba ilipimwa mwaka 2016 na mtaalamu wa zamani wa familia, na karatasi yake ipo ndani ya droo. Imeandikwa vipimo vya kila chumba, na penye ukuta wa kusini wa chumba cha kulala ameweka alama: hapa sindano inakwenda kando digrii 8. Mama Lau anasimama pale pale, kimo kile kile, na sindano imetulia. Nondo za zege haziondoki ndani ya miaka 10. Kilichokuwa kinaivuta sindano kiliweza kubebwa: kasiki ndogo, yaani sanduku la chuma la kuwekea vitu vya thamani, iliyofungwa ndani ya kabati la ukutani, ya kilo 30 hivi, mzigo wa mtu mmoja. Baadaye anateremka uani, anashusha luopan karibu na udongo juu ya lile shimo, na sindano inakwenda kando. Msomaji ameziona namba zote. Hakuna aliyetazamwa usoni.

Usiandike hizo digrii 8 kwa kubahatisha. Chukua dira yoyote ya kawaida na mtungi wa gesi wa jikoni, ule wa chuma. Weka dira mezani mita 2 mbali na mtungi, andika kipimo, kisha sogeza mtungi sentimita 20 kila mara, ukiandika, hadi ubaki sentimita 20. Utaona kwamba mbali sindano haijali, na karibu inageuka ghafla. Nguvu ya sumaku hupungua upesi sana kwa umbali. Ndiyo sababu Mama Lau lazima ainame shimoni. Akibaki wima na dira kiunoni, kasiki iliyofukiwa nusu mita chini inaweza isionekane, na msomaji aliyewahi kushika dira atakukamata.

Sasa kitanda. "Upande mbaya" ni kauli dhaifu, kwa sababu marehemu angeweza kulala vibaya kwa uvivu tu. Kifanye kitanda kiwe kimeelekezwa sawasawa kabisa, ila kwa mwaka usio wake.

Njia ya Majumba Nane, mojawapo ya njia za feng shui, humpa kila mtu namba kutokana na mwaka aliozaliwa. Kwa mwanamume aliyezaliwa kabla ya 2000, jumlisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka mpaka ibaki moja, kisha uitoe kwenye 10. Ikitoka 5, inahesabiwa 2. Kwa mwanamke unajumlisha vivyo hivyo, halafu unaongeza 5, na ikizidi 9 unajumlisha tena tarakimu zake. Akipata 5, inahesabiwa 8. Watu wenye 1, 3, 4 na 9 ni kundi la mashariki; waliobaki ni kundi la magharibi. Anayeanza hujikwaa penye mwaka wenyewe. Mwaka wa hesabu hii hauanzi Januari mosi. Unaanza karibu na Februari 4, siku Wachina wanayoihesabu kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua.

Mpe mzee wako siku ya kuzaliwa Januari 12, 1944. Kwa kanuni, mwaka wake ni 1943: 4 na 3 ni 7, 10 ukitoa 7 ni 3. Kundi la mashariki, na upande wake bora wa kuweka kichwa ni kusini. Asiyejua anasoma pasipoti: 1944, 4 na 4 ni 8, 10 ukitoa 8 ni 2. Kundi la magharibi, upande bora kaskazini-mashariki. Mama Lau anakuta kichwa cha kitanda kaskazini-mashariki, na alama nne za miguu ya kitanda sakafuni zikionyesha kwamba kwa miaka kilikaa kusini, mbele ya lile kabati lililokuwa na kasiki. Mpwa alihamisha kitanda apate njia, kisha akatafuta kisingizio cha feng shui kwenye simu, akaingiza 1944. Mzee aliyekuwa na mtaalamu wake tangu zamani asingelala hivyo hata usiku mmoja.

Tumechagua Januari 12 kwa makusudi. Wako wanaohesabu mwaka kuanzia sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, ambayo mwaka 1944 iliangukia Januari 25. Ungempa mzee Januari 30, wataalamu wawili wa kweli wangegawanyika, na kidokezo kingekufa mikononi mwako. Tarehe 12 iko kabla ya zote mbili.

Bilauri ya chumvi ndiyo kito chako, na umeiacha juu ya kabati bila kazi. Huwekwa kupoza nyota ya tano, ile ya njano, mojawapo ya nyota za hesabu za feng shui, inayohesabiwa kuwa mbaya kuliko zote, na nyota hiyo huhama kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa magharibi, 2025 kaskazini-mashariki, 2026 iko kusini. Kila mwaka mpya ukiingia Februari, bilauri ya zamani hutupwa na mpya huwekwa upande mpya. Maana yake bilauri hiyo ina tarehe. Yako iko kaskazini-mashariki, kwa hiyo iliwekwa mwaka 2025. Na tuko Machi 2026, haijabadilishwa.

Hapo simama. Huyu ni mzee aliyebadilisha kila Februari bila kukosa. Weka mduara mweupe wa chumvi magharibi mwa ukumbi, alama ya bilauri ya 2024 iliyoharibu rangi ya meza, ili msomaji aione tabia hiyo. Mpwa anasema mjomba wake alikuwa mzima, akitembea na kutia saini hati, mpaka siku ya kufa. Mbona basi Februari ilipita na bilauri ya mwaka jana ikabaki? Kwa sababu mzee alikuwa hajiwezi tangu kabla ya Februari 4. Hati iliyotiwa saini Februari inaanza kunuka. Kidokezo hiki hakina sumaku wala hesabu ngumu, na tungekipa nafasi kuliko vyote.

Iandike kwa usahihi. Bilauri pana ya kioo, chumvi ya mawe hadi robo tatu, sarafu sita za shaba zenye tundu la mraba zikiwekwa juu ya chumvi, upande wenye herufi nne ukitazama juu, kisha maji mpaka karibu na ukingo. Haifunikwi. Chini huwekwa sahani, na huwekwa kwa sababu nzuri: maji yanapokauka ukingoni chumvi huganda, punje zilizoganda huvuta maji zaidi kutoka chini, nayo yakikauka huacha punje nyingine juu yake, hadi chumvi inapanda ukuta wa kioo, inavuka mdomo na kushuka nje kama matumbawe. Sarafu huota kutu ya kijani. Bilauri ya mwaka mzima huwezi kuifananisha na ya wiki mbili, hata mtoto angeona, na mpwa hawezi kudai kwamba mjomba aliiweka juzi.

Kuna tahadhari moja. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi hunywa maji badala ya kukauka, na matumbawe hulowa na kuporomoka. Hong Kong kati ya Februari na Aprili kuta hutoka jasho. Iweke bilauri kwenye chumba chenye mashine ya kukausha hewa inayofanya kazi, au eleza kuwa ganda limelowa na kuacha mfereji mweupe kwenye kabati. Vyote viwili ni kweli; kuchanganya ndiko kosa.

Shimo. Nyota ya tano ikiwa kusini mwaka 2026, na huo ukiwa mwaka wa Farasi, ambao Tai Sui wake, mungu wa mwaka, amekaa Wu, kusini penyewe, mtaalamu hawezi kukuagiza uchimbe kusini. Kugusa udongo wa upande huo ni katika mambo ya mwanzo kabisa anayokataza. Angekwambia usubiri Februari 2027. Uongo wa mpwa hapa unavunjika kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo lazima msomaji awe ameisikia zamani. Katika sura ya 3, jirani anataka kuchimba mfereji wa maji kusini mwa ua wake, na Mama Lau anamkatalia akimweleza sababu, katikati ya mazungumzo ya bei ya samaki. Usirudie tena mpaka mwisho. Wako wataalamu watakaoruhusu kuchimba kwa kuchagua siku na saa maalumu, hivyo acha jirani aulize hilo na ajibiwe kwamba hata siku ikichaguliwa, ni kwa dharura kama bomba lililopasuka.

Kuhusu mashimo ya feng shui kuna kesi ya kweli unayopaswa kuijua. Nina Wang, tajiri wa kampuni ya ujenzi ya Chinachem, alifariki Aprili 2007. Mumewe Teddy alitekwa mwaka 1990 na hakuonekana tena. Mwaka 1999 alitangazwa kisheria kuwa amekufa. Baada ya kifo cha Nina, mtaalamu wake wa feng shui, Tony Chan, alitoa wosia wa 2006 unaomrithisha mali yote. Mahakamani yalielezwa mashimo yapatayo 80 yaliyochimbwa kwenye viwanja vya kampuni. Hata hivyo mashimo hayakuamua kesi. Februari 2010 jaji aliukataa wosia kwa sababu ya saini ya kughushi, na mwaka 2013 Chan alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Itazame kwa makini: feng shui ilieleza jinsi watu walivyokaribiana na jinsi fedha zilivyotoka, na karatasi ndiyo iliyomtia mtu hatiani. Riwaya yako igawane kazi hivyo hivyo. Bilauri, kitanda na dira vimwongoze Mama Lau kwenye hati ya Februari, halafu hati iangushwe na mtaalamu wa maandishi.

Mpwa pia awe na ripoti iliyochapwa, anayodai ni ya huyo mtaalamu aliyeagiza shimo. Ripoti inasema uso wa nyumba ni digrii 171, mlima Bing. Karatasi ya 2016 inasema 174, mlima Wu. Msomaji ataona ni tofauti ndogo. Mama Lau anajua inatoka wapi. Luopan husoma kaskazini ya sumaku; ramani ya setilaiti hutumia kaskazini ya kweli; na Hong Kong sindano huelekea karibu digrii 3 magharibi ya kaskazini ya kweli. Aliyeandika 171 alichora mstari kwenye ramani. Hakuwahi kusimama mlangoni. Na kwa kuwa chati ya nyota ya nyumba ya Bing haifanani na ya Wu, ripoti yote imejengwa juu ya nyumba isiyokuwepo.

Kioo cha pembe nane hutundikwa nje, juu ya mlango au dirisha, kikitazama kinachoogopwa. Ndani ya chumba hakiwekwi. Lakini usimtwishe mpwa kosa la tatu la aina ile ile, itachosha. Mpe kioo mtu mwingine. Mzee tajiri wa miaka 82 anaishi peke yake, asiye na mtu wa kumsaidia? Hong Kong hilo halisadikiki. Angekuwa na dada wa kazi, mara nyingi kutoka Ufilipino au Indonesia, na sheria ya huko inamtaka aishi nyumbani kwa mwajiri. Yuko wapi katika muswada wako? Ndiye aliyenunua kioo kibandani na kukitundika chumbani kwa hofu, baada ya kuona usiku kitu kinaburutwa. Ameondolewa kazini Januari. Kioo kinampeleka Mama Lau kwake, na hapo una shahidi aliye hai. Kibali chake cha kukaa kimefungwa na ajira, hivyo akifukuzwa ana wiki mbili tu za kubaki, na kufikia Machi zimekwisha; hofu yake ya kusema ina sababu, usiifanye ya kijinga.

Mengine tutayapitia haraka. "Jumba kubwa" lenye ua Hong Kong ni la matajiri wachache mno. Nyumba ya ghorofa tatu yenye ua mdogo inayofaa hapa ni nyumba ya kijiji ya New Territories, eneo la kaskazini mwa Hong Kong: sakafu futi za mraba 700, kimo mita 8.23. Ni nyembamba, jirani yuko pua na mdomo, na ndiyo sababu mpwa hakuweza kuitoa kasiki nje ya geti bila kuonekana akaifukia usiku ndani ya ua. Jina la Mama Lau lina harufu ya Tanga. Wateja wangemwita Lau sifu, yaani fundi Lau, jina la ukoo kwanza; wanafunzi wake wa zamani wangemwita Mwalimu Lau. Malipo anapewa ndani ya bahasha nyekundu, kwa mikono miwili. Na sababu ya mnunuzi kusita ipo tayari: nyumba iliyofiwa kwa mauaji au kujiua hushuka bei, madalali huzijua, na benki nyingine husita kuzikopeshea. Mpwa ana haja kubwa kifo kiitwe uzee.

Ukitaka kidokezo kingine, mpwa aishi ghorofani mjini, na shahidi aseme aliona taa yake ikiwaka ghorofa ya 13. Utumie ukwepaji wa namba 4, ambayo kwa Kikantoni inasikika karibu na neno la kifo. Katika jengo linaloanza na G, yaani ghorofa ya chini, na kuruka 4, 13 na 14, kitufe cha lifti chenye 15 ni ghorofa ya kumi na tatu kwa mtu anayehesabu madirisha kutoka chini. Shahidi na mpwa wanazungumzia chumba kimoja huku polisi wakidhani ni viwili.

Sura ya 17, basi. Ivunje vipande vipande. Karatasi ya 2016 na sindano iliyotulia zihamie sura ya 9, Mama Lau akidhani kwanza kwamba dira yake imeharibika; akajaribu ya pili. Alama za kitanda na tarehe ya kuzaliwa ziwe sura ya 11, tarehe ikitajwa na ndugu wa marehemu wakati wa kupanga mazishi, si na Mama Lau. Bilauri ionekane sura ya 5, ielezwe kwa macho tu, bila maelezo ya nyota. Maelezo ya nyota inayohama yatoke sura ya 13 kwenye nyumba ya mteja mwingine kabisa. Sura ya 17 ibaki na shimo. Akishaona sindano imekwenda kando, asichimbe. Anaita polisi. Raia anayefukua ushahidi ua wa marehemu anamfungulia wakili wa mpwa mlango, na Mwalimu Lau ni mtu makini.

Anza na bilauri wiki hii kabla hujagusa sura yoyote. Weka mbili, moja kwenye chumba chenye kiyoyozi na nyingine barazani, zipige picha kila Jumapili kwa wiki nane. Hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha kukuonyesha hali zote mbili.